Nyigu Aliyepewa Jina Langu

Sahra alizikwa Jumatano asubuhi, nami nilifika nyumbani kwake, mtaa wa Iftin hapa Garissa, alasiri, watu wametoka makaburini zamani. Chumba cha mbele kilijaa wanawake walioketi kwenye mazulia, migongo ukutani, na chai ya tangawizi ilikuwa inazunguka kwenye sinia. Nilijibana karibu na mlango. Kila aliyeingia alikuwa na neno la marehemu: huyu aliuguziwa mama yake, yule alipewa mbuzi wa maziwa mwaka wa ukame, mwingine alisuluhishwa na mumewe. Mimi nilikaa pale nikimwonea wivu. Nasema hivyo kwa sababu simulizi hii haina maana nikianza kwa kujipamba. Mtu amefunikwa mchanga, na mimi natupia macho viatu vilivyojaa mlangoni nikijiuliza kama siku yangu ikifika viatu vitafika nusu ya vile. Wivu wangu kwa Sahra haujawahi kuchagua mahali pa kuja.

Binti yake, Ifrah, alikuja akapiga magoti mbele yangu. Ana paji la uso la mama yake na anasoma chuo kikuu Nairobi. "Habaryar Habiba," akasema, akiniita kama dada wa mama yake, "kabla hajaugua sana, mama alinieleza habari ya mdudu. Alisema nyinyi wawili mlimpata, mwaka ule baada ya mafuriko, na kwamba mdudu ana jina lako. Ni kweli?" Nikasema ni kweli. "Nilimwomba anisimulie yote, akacheka. Akasema, muulize Habiba, yeye ndiye anayejua kuandika." Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno hayo niliwahi kuyasikia mahali pengine, miaka mingi nyuma, kupitia ukuta wa mbao, na ndiyo yaliyoniharibu.

Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara na kutuletea mbu na homa za mifugo, lakini zilipoondoka ziliacha nchi ya kijani ambayo hata wazee walikuwa wameisahau. Migunga ilizaa maganda mpaka matawi yakainama. Mwaka huo Daktari Wanza, mama mmoja kutoka Ukambani aliyevaa kofia ya turubai na viatu vya mwanamume, alikuja Garissa kuchunguza fukusi wanaotoboa mbegu za mgunga ndani ya ganda. Mbuzi wetu hula maganda hayo wakati wa kiangazi, kwa hiyo kazi ilikuwa na maana, ingawa mjini watu walicheka: serikali imeishiwa na mambo, sasa inahesabu mashimo ya mbegu. Alipewa chumba nyuma ya ofisi moja, zamani kilikuwa ghala la chumvi ya mifugo, na chumvi ilikuwa bado inanuka ukutani joto likipanda. Madirisha mawili yenye wavu, meza ndefu, hadubini moja iliyofunikwa kanga, na rafu zilizojaa chupa za jemu. Kila chupa ilikuwa na maganda ya mti mmoja, mdomo umefungwa kipande cha shuka na raba. Daktari alihitaji wasaidizi wawili. Mimi nilipata kazi kwa cheti changu cha kidato cha nne. Sahra aliipata kwa sababu siku Daktari alipokwama njia ya Ijara, alikuwa ndiye msichana aliyemwonyesha ni mgunga upi unaangusha maganda mapema na upi huchelewa, mti kwa mti, kama anayetambulisha jirani zake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa unazitazama chupa. Fukusi wanatoka, wadogo, wa kahawia. Lakini katika chupa nyingine wanatoka viumbe wengine ambao jicho lisilozoea litadhani ni vumbi: nyigu weusi, wadogo kuliko herufi ya gazeti, wasiouma mtu. Jike hutafuta yai la fukusi kwenye ganda, analitoboa na kutaga lake humo ndani, na mtoto wake hukua kwa kumla mwenye nyumba. Najua msomaji sasa anataka nijilinganishe na nyigu huyo. Sitafanya hivyo, kwa sababu nyigu hajui njia nyingine ya kuishi, na mimi nilikuwa naijua. Akitoka, unamgusa kwa ncha ya burashi iliyoloweshwa spiriti, unamtia kwenye kichupa cha spiriti, na ndani humo humo unaweka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka: jina la mahali, mti, tarehe, na aliyekusanya. Mlinzi wetu, mzee aliyekuwa na msimamo, alikataa kuingia chumbani mwaka mzima kwa sababu ya harufu ile. Alikuwa akitusalimu kupitia dirishani na kutuuliza kama wadudu bado wanalewa.

Vikaratasi niliandika mimi vyote. Nilikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka, na Daktari aliusifu wiki ya kwanza, nikavimba kichwa. Sahra aliandika herufi kubwa zinazopishana. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, changu cha darasani, na mbele ya Daktari nilikuwa mwepesi wa kumalizia sentensi zake, hata zile ambazo hakutaka zimaliziwe. Lakini Kisomali chake kilinishinda. Mimi wa mjini nilikuwa na neno moja la mti wa miiba. Yeye alikuwa na kumi na kitu, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Tulipokula mchana, anjera, zile chapati laini za maji, na chai ya maziwa ya ngamia aliyoleta kwa chupa ya thamosi, alikuwa akinisimulia habari za nyumbani kwao Ijara bila mimi kumuuliza. Mwanambuzi akizaliwa, alisema, kabla hajafikia umri wa kukatwa alama ya sikio, mwenyewe anamfunga uzi shingoni. Wake yeye ulikuwa mwekundu, wa dada yake wa bluu. "Si kwamba atanipotea," akasema. "Mtu anawajua wake. Uzi ni wa kumwonyesha mwingine." Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nikifikiria jinsi anavyokunja anjera kwa vidole vitatu bila tone la chai kudondoka, na jinsi mimi, mwenye cheti, ninavyochafua mkono wa dirii, gauni langu pana.

Siku moja mwezi wa tano alimwita Daktari kwenye chupa ya mti mmoja wa njia ya Ijara. "Daktari, hii nyigu mbili si moja," akasema kwa Kiswahili chake. "Ile nakimbia, bembe juu. Hii natembea bole bole, bembe naburuta chini." Pembe alimaanisha vile vipapasio vya kichwani. Daktari aliinama akatazama kwa lenzi ya mkononi, muda mrefu, akasema yeye anaona nyigu mmoja tu, tena anayejulikana, ana jina zamani. Wengine ni wachovu, wametoka tu kwenye mbegu. Mimi nikacheka, kicheko cha kumuunga mkono mkubwa. Sahra hakucheka wala hakubisha. Alichukua kichupa kidogo, na kwa wiki tatu akawa anakaa mbele ya chupa ile moja, akimtenga kila anayeburuta. Walikuwa kumi na mmoja tu. Maganda ya mti ule yakaisha, na mengine hayakuwepo mpaka mwaka mwingine. Aliniomba nimwandikie kikaratasi, nikaandika jina lake kama aliyekusanya. Nakumbuka nililiandika dogo kuliko kawaida.

Sasa, Daktari alikuwa ametuambia kwamba mwisho wa mwaka mmoja wetu ataenda naye Nairobi, kwa mafunzo ya miaka miwili ya utunzaji wa wadudu, na baada ya hapo kazi ya kudumu. Hatukulizungumza jambo hilo sisi wawili hata mara moja. Mimi nilishahesabu kwamba nafasi ni yangu. Cheti kilikuwa kwangu, na lugha, na mwandiko. Hadi siku niliyokwenda kuchukua spiriti kwenye stoo, ambayo ilitenganishwa na ofisi ya afisa wa mifugo kwa ukuta wa mbao, nikamsikia Daktari anazungumza huko upande wa pili. Walikuwa wanakunywa chai, vijiko vilikuwa vinagonga. "Yule Sahra ana jicho," alisema. "Sijui kama ni kweli anavyosema, nitawatazama vizuri hao wadudu wake kwenye hadubini nikirudi safari hii. Lakini wakiwa ni aina mpya, nitampeleka yeye, cheti au hana cheti, na huyo mdudu nitampa jina lake." Afisa akauliza, na Habiba je? Nikasikia Daktari anapuliza chai. "Habiba anajua kuandika," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Nimejirudia hilo maisha yangu yote, kwamba alisema kwa upole, akinitafutia sifa. Nilisimama pale na dumu la spiriti mkononi, uso unawaka. Nikifikiri leo, nadhani kama angenitukana ningelia nikamaliza. Lakini alinipima akanikuta sawasawa na nilivyo, na aliyeniweka kwenye mizani ile alikuwa Sahra, bila hata kujua, kwa kukaa tu mbele ya chupa na kutazama. Nilirudi chumbani nikamkuta anapangusa rafu. Akaniita dada kwa Kisomali, "Abaayo, mbona jasho?" Nikasema dumu ni zito. Akanipokea.

Daktari alikwenda Nairobi siku nne. Alhamisi adhuhuri, siku moja kabla ya kurudi kwake, Sahra alitoka kutawadha na kutandika mkeka wake kivulini nyuma ya chumba. Mimi siku hizo sikuwa nasali, wanawake wataelewa. Kupitia wavu wa dirisha nilimwona akiinua mikono na kufunga sala. Nikachukua kichupa chake. Nikazuia kikaratasi kwa ncha ya penseli, nikamimina wale kumi na mmoja, na spiriti yao, ndani ya kichupa kikubwa cha nyigu wa kawaida wa mti ule ule, ambacho kilikuwa na kikaratasi chenye jina langu. Halafu kwa burashi nikachota kumi na mmoja wa kawaida nikawatia kwenye kichupa chake, nikajaza spiriti mpya, nikafunga. Rakaa nne. Alipotoa salamu kulia na kushoto nilikuwa nimeshika ufagio. Nyumbani kwao mtu akichanganya mifugo ya wawili makusudi, wazee hukaa vikao. Hapa ilitosha mimi kufagia.

Ijumaa Daktari alitoa kanga kwenye hadubini, akawatazama mmoja mmoja wale wa kichupa cha Sahra. Alichukua saa nzima. Mimi nilikuwa nikichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongeka. Mwishowe akainua kichwa akamwambia kwa huruma kabisa, "Sahra, mama, hawa ni wale wale. Wote." Sahra akaomba atazame. Akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa: aliinua kichupa mpaka usawa wa dirisha, akakigeuza chini juu, akakizungusha polepole kwenye mwanga, kama mtu anayetafuta kitu mbali na nyigu. Akakirudisha mezani. "Hii si yangu," akasema. Daktari akatabasamu, akamwambia asivunjike moyo, hata maprofesa hukosea. Sahra akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya nayo. Akaenda kuchota maji ya chai.

Mwezi wa kumi na mbili nilipewa nafasi. Asubuhi ya safari, mama na majirani wakiwa wamejaa uani, Sahra alikuja na mkebe wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa vipande vidogo ikafunikwa samli, ile isiyoharibika mwaka mzima. Mdomo wa mkebe aliufunika kitambaa cheupe, akakifunga uzi mwekundu, mizunguko mingi, kwa subira. "Nairobi hawajui kupika," akasema, na wote wakacheka. Nikamkumbatia. Nilikuwa nimeshinda, na bado nilipomwona anatoka langoni akiwa ameshikana mikono na mama yangu, wanaongea kama wamejuana miaka, nilitamani kuwa yeye. Sikuelewa. Nilidhani wivu huisha mtu akipata anachokitaka.

Sampuli zetu zilipelekwa kwenye jumba moja la makumbusho ng'ambo, kwa mtaalamu wa nyigu wadogo. Zilikaa huko. Nilikuwa nimeshamaliza mafunzo, nina meza yangu na ufunguo wangu, siku Daktari Wanza alipokuja mbio na jarida mkononi. Kati ya nyigu wa kawaida kwenye kichupa kimoja cha njia ya Ijara, mtaalamu alikuta majike kumi na mmoja wa aina ambayo haikuwahi kuelezwa na mtu yeyote, vipapasio vyao vina umbo la peke yake. Na kwa kuwa kikaratasi kilikuwa na jina langu, alimpa nyigu jina langu. Habibae. Wenzangu walipiga makofi, mtu akaagiza soda. Daktari alikuwa na machozi. "Na tulimcheka Sahra," akasema, lakini kwa sauti ya chini, na hakuendelea. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaondoka, na tangu siku ile alinisemesha habari za kazi tu.

Nilisoma maelezo yale nikiwa peke yangu, na kamusi pembeni. Kurasa mbili na nusu: urefu wa mwili, mishipa ya ubawa, rangi ya goti, kitu kizima kimepimwa sehemu kwa sehemu na mtu ambaye hakuwahi kuona mgunga. Mwishoni kabisa, penye orodha ya vilivyokutwa, mtaalamu aliongeza neno kwa uaminifu wa watu wa kazi hiyo. Alisema ndani ya kichupa hicho kulikuwa pia na kipande cha uzi mwekundu, kifupi kuliko punje ya mchele, na kwamba haijulikani kilikuwa cha nini.

Mimi nilijua. Niliweka jarida chini nikajua kila kitu kwa mpigo: kwa nini alikiinua kichupa dirishani, alichokitafuta humo na kukikosa, na kwamba tangu Ijumaa ile alikuwa anajua ni nani. Alikuwa amewatilia uzi walio wake, kama wanambuzi, na mimi katika haraka yangu niliumimina pamoja nao bila kuuona. Nikaukumbuka mkebe. Halafu nikaikumbuka mikebe mingine, maana kila mwaka kabla ya Ramadhani Sahra alinitumia nyirinyiri kwa mtu yeyote anayekuja Nairobi, na kila mwaka kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa uzi ule ule. Nilidhani ndio uzi alio nao nyumbani. Aliendelea hivyo zaidi ya miaka ishirini. Aliolewa, akazaa, akawa mtu wa kutegemewa mtaani, na hakuwahi kunitajia habari ile, wala mimi sikuwahi kumtajia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ni shitaka au ni msamaha. Nilichojua ni kwamba mimi nisingeweza kufanya lolote kati ya hayo mawili kwa muda mrefu hivyo, na hilo pia nikamwonea wivu. Nyama nilikula. Ilikuwa tamu sana.

Haya yote nilimwambia Ifrah palepale kwenye zulia, kwa sauti ya chini, wanawake wakiwa wanasoma Yasini upande wa pili wa chumba. Sikuwa nimekusudia. Ni kwamba alikwenda ndani akarudi na mkebe. "Alikutengenezea kabla hajalala kitandani," akasema. "Alisema hata kama hutakuja, uletewe." Kitambaa cheupe, uzi mwekundu, mizunguko michache kuliko zamani, na fundo lililolegea la mtu asiye na nguvu vidoleni. Ifrah alitaka kwenda kuchukua kisu akate uzi nionje. Nikamwambia asikate. Akaniuliza kwa nini, na nikamjibu kuanzia chupa za jemu mpaka neno la mwisho la yule mtaalamu.

Alinisikiliza bila kunikatiza, macho yake kwenye mkebe, na kwa muda niliona ndiyo hivyo mama yake alivyokuwa akitazama chupa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Mama alijua?"

"Siku ile ile," nikasema.

Akautoa mkebe mapajani mwangu. Akalifungua fundo kwa kucha, taratibu, akauzungusha uzi wote kwenye kidole chake cha shahada mpaka ukaisha, akaubana kiganjani. Kisha akanirudishia mkebe, kitambaa kimekaa juu yake bila kufungwa.

"Nyama ni yako, habaryar," akasema. "Uzi ni wetu."

Akasimama kwenda kuwamiminia wageni chai.